Ukifuata mzigo China au Dubai, kagua nyumba kabla hujakagua viatu

Humu ndani kila siku tunaulizana agenti gani ana bei nzuri ya CBM, viatu vya jumla vinapatikana soko gani, yuan leo imefika ngapi. Sijawahi kuona mtu akiuliza: ukifika huko unalala wapi, na hiyo nyumba ikoje? Mimi mwenyewe sikuuliza. Nusura tumrudishe mwenzetu kwenye sanduku.

Ilikuwa Desemba 2024. Tulikuwa wanawake watatu. Mimi nauza viatu na mikoba mtandaoni, nipo Ilazo hapa Dodoma. Wa pili yupo Nkuhungu, anauza nguo za watoto. Wa tatu anatoka Singida, yeye ni kava na chaja za simu. Hela tuliyobeba haikuwa yetu yote. Mnajua tunavyofanya, nusu mtaji, nusu ni oda ambazo wateja wameshalipia. Tukapanda SGR jioni mpaka Dar, kesho yake tukaruka.

Hoteli za Guangzhou tuliziona ghali kwa siku 12. Kwenye grupu moja la WhatsApp kuna mtu, Mswahili mwenzetu, anapangisha apatimenti pale Xiaobei. Picha safi, bei nzuri, tugawane watatu. Nani angekataa?

Usiku wa tatu baridi ilikuwa kali, kama ile ya Julai kwetu upepo unapovuma, tofauti ni kwamba nyumba za kule hazina kitu cha kupasha joto. Tukafunga kila dirisha. Dada wa Nkuhungu akaingia kuoga, sisi wawili tupo sebuleni tunahesabu katoni. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikasema ni uchovu wa kuzunguka Baiyun kutwa nzima. Wa Singida naye akasema anasikia kichefuchefu, tukalaumu tambi za mchana. Ghafla tukasikia kishindo bafuni.

Tulimkuta chini, maji yanaendelea kumwagika, anafumbua macho lakini haongei. Mimi nilikuwa natafuta panadol, jamani! Aliyetuokoa ni wa Singida. Kwao aliwahi kuona watu waliolala na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, akapiga kelele, "Ni hewa! Fungua milango!" Tukamburuta mpaka kwenye baraza la nje. Mama jirani, Mchina, ndiye aliyepiga 120, namba ya ambulensi ya kule. Hospitali wakampa oksijeni mpaka asubuhi. Bili ilitoka kwenye hela ya oda za watu.

Kesho yake nikaenda kuangalia ile hita ya maji. Hizi hita za gesi ni za kawaida sana China, boksi limefungwa ukutani, ukifungua maji ya moto linawaka lenyewe. Yetu ilikuwa jikoni, mlango mmoja na bafu. Bomba la kutolea moshi lilitakiwa kutoboa ukuta litoke nje. Lilikuwa limekatika, linamwaga moshi humo humo ndani. Tulipompigia aliyetupangishia akajibu, "Mbona wenzenu wanakaa na hawasemi?"

Sasa naomba tuelewane hapa, maana wengi tunachanganya. Gesi ya mtungi ikivuja unaisikia, kwa sababu imewekwa harufu makusudi. Kinachoua kwenye hita mbovu ni kitu kingine, kaboni monoksaidi, hewa inayotoka pale moto unapowaka bila hewa ya kutosha. Haina harufu, haina rangi, haikereketi koo. Ukiivuta inang'ang'ania damu kuliko oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200, hivyo mwili unakosa hewa huku wewe unapumua vizuri tu. Ni hewa ile ile ya jiko la mkaa.

Dalili zake zinafanana na uchovu wa safari na ndiyo maana inatupata kirahisi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Tofauti ni kwamba hamna homa, mnaumwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Mkiona hivyo msijadiliane. Tokeni nje kwanza, msaada muitie huko huko nje, na msirudi ndani kufuata pochi.

Wala si China tu. Mwishoni mwa Oktoba 2022 Wamarekani watatu, vijana waliokwenda kutembea, walikutwa wamekufa kwenye apatimenti ya kupanga kwa siku Mexico City, kwa hewa hiyo hiyo. Na wao walikuwa wamepata nyumba kupitia Airbnb, kampuni kubwa tu. Kwa hiyo usiseme "mimi napitia kwenye programu inayojulikana". Programu inakusaidia kuona maoni ya waliolala pale na kupata pa kudai hela yako. Bomba la moshi haliji kukukagulia.

Ninachofanya siku hizi: nikifika, kabla sijafungua begi, nawasha maji ya moto na kufuata lile bomba kwa macho mpaka nione linatokea nje. Silioni linapotokea, silali hapo, hata kama nimeshalipa. Kwenye begi nina alamu ndogo ya kaboni monoksaidi, saizi ya kipande cha sabuni, nilinunua kule kule kwa yuan 60 na kitu. Naiweka chumba ninacholala. Na dirisha la jikoni linabaki wazi mtu akioga, baridi iwe baridi.

Jambo la pili ni moto, na hapa naomba tujilaumu wenyewe. Tukishanunua mzigo tunaupanga wapi? Mlangoni. Koridoni. Siku ile tunambeba dada wa watu tulikuwa tunaruka katoni za sendozi, na ilikuwa saa mbili usiku taa zinawaka. Fikiria kuna moshi na umeme umekatika. Panga mzigo mbali na jiko na mbali na njia, ikibidi upeleke kwa agenti kila jioni. Siku ya kwanza shuka kwa ngazi, usitumie lifti, uone kama mlango wa chini unafunguka au una kufuli. Angalia pia kama watu wanachaji pikipiki za umeme chini ya ngazi. Februari 2024 jengo la makazi liliungua Nanjing, watu 15 walikufa, na moto ulianzia sehemu ya chini palipowekwa hizo pikipiki.

Wa Dubai mnajua bei ya kitanda pale Deira. Chumba kimoja kimegawanywa kwa mbao mara nne, kila pango na pazia lake, mpishi mmoja kwa wote. Aprili 2023, mwezi wa Ramadhani, jengo la Al Ras, humo humo Deira tunakofuata manukato na vyombo, liliungua na kuua watu 16. Mwaka 2025 manispaa ya Dubai ikaanza msako wa vyumba vilivyogawanywa bila kibali. Kwa hiyo ukilala humo, mbali na moto, kuna siku unaweza kurudi kutoka sokoni ukakuta mzigo wako upo nje na nyumba imefungwa. Ongeza hela kidogo, mchukue chumba halali wawili.

Kuna kingine nilijifunza hospitali. Waliniuliza tunakaa wapi, nikabaki nawatazama. Anwani sikuijua, nilikuwa nafuata tu lile duka la nyama la kona. Sasa hivi siku ya kwanza napiga picha anwani iliyoandikwa kwa herufi zao, namtumia na mume wangu huku nyumbani. Namba nazo naziandika nyuma ya kava la simu. China ni 110 polisi, 119 zimamoto, 120 ambulensi. Emirati ni 999 polisi, 997 zimamoto, 998 ambulensi.

Halafu usajili. Sheria ya China iliyoanza kutumika Julai 2013 inataka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe polisi wa mtaa ndani ya saa 24. Hotelini wanakuandikisha wenyewe, kwenye nyumba ya kupanga ni juu yako na mwenye nyumba. Usipofanya kuna onyo, na faini inaweza kufika yuan 2,000. Yule aliyetupangishia alisema ameshatuandikisha. Hakuwa ametuandikisha, na sisi hatukuomba ile karatasi. Omba karatasi yenye jina lako. Kama anakwepa, jua pengine nyumba yenyewe hana ruhusa ya kuipangisha, na mtu wa namna hiyo siku ya shida simu yake haipatikani. Pasipoti usimwachie, aende nayo polisi mkiwa wote.

Ya hela nayasema haraka kwa kuwa mnayajua. Dola zisikae sehemu moja, wapangaji wengine wasikuone ukihesabu, na ukiunganisha kadi ya Visa au Mastercard kwenye Alipay huhitaji kutembea na noti nyingi. Kamera za kificho pia zipo. Airbnb walipiga marufuku kamera za ndani ya nyumba kuanzia mwisho wa Aprili 2024, lakini nyumba ya kwenye grupu la WhatsApp haina wa kuikataza. Ukiona kifaa kinachoelekea kitandani au bafuni usichoelewa kazi yake, kichomoe au kifunike, kisha uliza.

Dada wa Nkuhungu alipona, anaendelea na biashara, ingawa miezi kadhaa alikuwa analalamika kusahau sahau oda za watu. Oda tulizotumia hela yake hospitali tulizifidia mpaka Machi. Wateja wawili hawakungoja, walinitukana na kunibloku, na siwalaumu sana.

Ile alamu yangu bado ipo na inafanya kazi. Mwenye safari karibuni anicheki inbox, aje aichukue Ilazo. Akirudi aniletee na betri mpya.