Bangili za kielektroniki: shaba inarudi Mweru ikiwa utepe

CHIENGE - Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa kati ya Chienge na Pweto, akitaka kuongeza saa na bangili za kielektroniki kwenye mzigo wake, hana budi kujua kilichomo ndani, kwani kasoro zake hazionekani dukani.

Ndani mna utepe wa plastiki iitwayo poliimidi, uliobandikwa shaba nyembamba kuliko unywele. Waya mnene ukikunjwa mara nyingi hukatika. Shaba nyembamba hupinda bila kudhurika. Lakini kupinda si kuvutika. Ili saketi ivutike, mafundi huchora njia ya umeme ikizungukazunguka kama mto wa bondeni, kisha huilaza ndani ya mpira laini. Mpira ukivutwa, mizunguko hunyooka na shaba yenyewe haikatiki. Mwaka 2011 John Rogers wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na wenzake walionyesha saketi ya aina hiyo inayoganda ngozini kama tatuu. Fedha nayo husagwa ikawa wino wa kuchapa njia za umeme juu ya nguo.

Shaba na fedha hizo watu wa ziwa hili wanazijua. Mgodi wa Dikulushi, Katanga, ulioanza kazi mwaka 2002, ulivusha mzigo wake kwa pantoni kutoka Kilwa (ya Kongo, si ile ya pwani ya Tanzania) hadi Nchelenge, kisha kwa malori. Madini yalipita hapa kwa tani. Bangili zinauzwa moja moja. Faida kubwa, kwa maoni yangu, imebaki kwa aliyejua kuchora ile mizunguko.

Tukirudi kwenye mzigo: bangili nyingi za bei nafuu zina mkanda wa mpira mtupu, na vifaa vyote vimo kwenye kidude cha katikati. Muuzaji akidai yote inavutika, asisadikiwe. Iwashe, bonyeza taratibu pembeni mwa kioo; picha ikikatika, utepe umelegea.

Hatari kubwa zaidi ni zile zinazodaiwa kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayofanya hivyo yenyewe. Mgonjwa anaweza kujidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo. Boksi likiwa na dai hilo, libaki kwa muuzaji wa jumla.