Meza ya kucha ndani ya saluni ya nywele

Wengi kati yetu wanalisha nyumba kwa kazi ya kusuka. Kuelekea sikukuu za Desemba benchi hujaa. Mwezi wa tisa, feza yote ikienda kwenye shule ya watoto, benchi hubaki wazi. Ndiyo sababu swali hili linarudi katika vikundi vyetu: mwenye saluni ya nywele aongeze na kazi ya kucha?

Jibu ni ndiyo, kwa masharti mawili. Hesabu ya kucha isichanganyike na ya nywele, na vyombo visafishwe kwa bidii.

Faida iko wapi?

Mama anayesukwa rasta anakaa saa nne, hata tano. Kichwa kina kazi, lakini miguu na mikono inangoja tu. Kodi ya nyumba umekwisha kulipa, kiti kipo, mteja yupo. Vijana wanaozunguka mitaani na chupa zao za verni wanajua siri hiyo, ndiyo maana hupenda kupita mlangoni pa saluni. Unaweza kukubaliana na mmoja wao, au na binti mwenye ufundi, afanye kazi kwako siku mbili kwa juma. Hapo utajua kama wateja wanataka, kabla ya kununua meza.

Kuna jambo lingine. Rasta zinaweza kukaa hata miezi miwili. Ukucha wa mkono unakua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo rangi inaacha nafasi na mteja anarudi baada ya juma mbili au tatu.

Anza na verni ya kawaida, maana haihitaji umeme. Jeli inataka lampe yake, na umeme ukikatika katikati ya kazi, jeli haikauki. Jeli isiyokauka vizuri, au inayogusa ngozi mara kwa mara, inaweza kuleta mwasho ambao mtu atabaki nao maisha yote. Lampe inunuliwe baadaye, ikiwezekana yenye batri, na ilingane na jeli unayotumia.

Tuhesabu pamoja

Namba hizi ni mfano tu, weka za mtaa wako. Tuseme umetia 200 000 franka katika vyombo. Mteja analipa 5 000. Verni, pamba na javeli vinakula 1 500. Binti anayefanya kazi anapata 1 500. Unabaki na 2 000, basi unahitaji wateja 100 ili mtaji urudi. Ukipata 3 kwa siku, siku 6 kwa juma, ni wateja 18, maana yake karibu juma sita. Ukipata mmoja tu kwa siku, ni zaidi ya miezi mitatu.

Uwe na daftari ya pili na kopo la pili. Andika kwenye kila chupa siku uliyoifungua, na utie alama kwa kila mteja, ndipo utajua chupa moja inahudumia wangapi. Sehemu ya binti muiandike tangu mwanzo, mbele ya shahidi. Na mama aliyeolewa ajue haki yake: tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kitabu cha sheria za jamaa, hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya biashara. Kuzungumza nyumbani kunabaki jambo la hekima.

Damu haionekani

Hapa ndipo hatari iko. Mkasi ukigusa ngozi, damu kidogo sana inatosha kupeleka ugonjwa kwa mteja anayefuata. Virusi vya hepatiti B, ugonjwa wa ini, vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi.

Kwa hiyo usikate ngozi inayozunguka ukucha, isukume polepole. Baada ya kila mteja, osha vyombo vya chuma kwa sabuni na brashi, kisha uviloweke dakika 10 katika maji ya javeli, halafu suuza na kukausha. Wengi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri walizoea maji ya klorini wakati wa Ebola, mwaka wa 2018 hadi 2020. Yale ya kunawa mikono yalikuwa ya 0,05%; ya vyombo yawe makali mara kumi, 0,5%. Chupa ikiandikwa 5%, changanya kikombe 1 cha javeli na vikombe 9 vya maji, kila siku mapya. Tupa ya karatasi haisafishiki: mteja aende nayo nyumbani. Beseni la miguu nalo lisafishwe kila mara. Mwenye ugonjwa wa sukari umpake rangi tu, usimkate wala kumkwangua miguuni.

Asetoni na moto

Saluni zetu zina makala ya kuchemsha maji na kiberiti cha kuchoma ncha za rasta. Asetoni, dawa ya kutoa verni, inawaka upesi, hata mvuke wake. Meza ya kucha ikae karibu na dirisha, mbali na moto. Usiichanganye kamwe na javeli, kwa sababu inatoa mvuke wa sumu. Na usiitie katika chupa ya sukari au ya maji ya kunywa: watoto wetu wanacheza humo humo, na mtoto mwenye kiu haulizi.

Kwa juma hili, usinunue kitu bado. Hesabu siku sita: wateja wangapi walikaa zaidi ya saa mbili, na wangapi walikubali ulipowauliza kuhusu kucha? Leta hesabu hiyo katika mkutano wa kikundi. Pengine zamu yako ya likelemba itatosha kuanza bila deni, ama wawili wenye saluni jirani watanunua vyombo pamoja na kugawana siku.