Riwaya ya Mapenzi na Aibu ya Kipigo

Kumezuka mabishano marefu miongoni mwa wasomaji juu ya riwaya ya It Ends with Us, iliyoandikwa na Mmarekani Colleen Hoover na kuchapishwa mwaka 2016. Wako waisifuo kwa machozi, na wako waionao kuwa ni sumu iliyopakwa asali. Nasi tumeisoma, pamoja na ya pili yake, It Starts with Us ya mwaka 2022, na tunaona yafaa tutoe rai yetu.

Kisa chenyewe ni cha Lily, binti aliyekua akimwona baba yake akimpiga mama yake. Ukubwani alifungua duka la maua mjini Boston, akaolewa na Ryle, tabibu wa upasuaji wa ubongo, mtu mwenye cheo na haiba. Mume huyo naye akanyanyua mkono. Akaomba radhi, akasamehewa, akarudia. Hatimaye, baada ya kujifungua mtoto wa kike, Lily akadai talaka, ili mnyororo ule usimfike binti yake. Mwandishi ameeleza kwamba chimbuko la kisa hicho ni maisha ya mama yake mzazi.

Walaumuo husema mpigaji amepambwa mno kwa uzuri na mali, hata msomaji kijana akamwonea huruma kuliko apigwaye. Sisi hatukubaliani nao katika hili. Lau mpigaji angechorwa zimwi tangu ukurasa wa kwanza, nani angejifunza? Wapigaji tuwajuao hawana pembe. Ni watu wa kuaminiwa, huamkiwa kwa heshima njiani, na hapo ndipo mke anapokosa wa kumsadiki.

Lawama yetu ni kwa biashara. Mwezi wa Januari 2023 ilitangazwa kuwa riwaya hiyo itatolewa kitabu cha kupaka rangi. Wasomaji wakapiga kelele, na mpango ukafutwa, mwandishi mwenyewe akikiri kuwa wana haki. Sehemu ya pili nayo, iliyoandikwa kwa maombi ya wasomaji, inampa Lily mpenzi wake wa zamani, Atlas, mpole asiye na doa. Kana kwamba malipo ya mwanamke aliyetoka katika kipigo lazima yawe mwanamume mwingine. Kutoka kwenyewe kulitosha.

Wala asituambie mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Mwanavisiwa mwenzetu, Said Ahmed Mohamed, katika riwaya yake Utengano ya mwaka 1980, alituonyesha mtu mkubwa mbele za watu aliye dhalimu ndani ya nyumba yake.

Kwa hiyo hatuafikiani na watakao vijana wakatazwe vitabu hivi. Twawaomba wazazi, walimu na watendaji wa serikali wavisome kwanza, kisha wajiulize: binti anaporudi kwao na alama usoni, akaambiwa avumilie kwani ndiyo ndoa, huyo amwambiaye yuko upande wa nani?