Hadithi za Wazee na Somo la Uraia



Katika somo la uraia tunashikaka kwa kichwa haki na kazi za raia, tunaziandika siku ya mtihani, kisha basi. Lakini hadithi haimutoke mutu upesi. Ndiyo maana Bwana Yesu alifundisha kwa mifano.

Tutwae ile ya Mwindo, ya Wanyanga wa Walikale. Mzee Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, nayo ikatoka kitabu mwaka 1969. Mwami Shemwindo hakutaka mtoto mwanaume. Akafunga Mwindo ndani ya ngoma, akaitupa mtoni. Mwindo alipomushinda baba, hakumuua: waligawana nchi. Halafu akaua joka, rafiki ya Nkuba, ndiye radi. Nkuba akamupandisha juu, akateswa kwa baridi na jua. Aliporudi aliwapa watu sheria: mulime vyakula vingi, musigombane, musicheke kilema, mumuogope mwami, na mwami naye awaogope ninyi.

Basi, mukubwa naye anahukumiwa. Hata sisi wakubwa wa mabweni.

Wengine watasema: hiyo ni ya kabila moja. Lakini mutu akijua hadithi ya jirani, ni vigumu kumuita mgeni. Na katika Kivu yetu, neno lile limeua watu.

Kwa hiyo tunaomba: katika saa ya uraia, mwanafunzi mmoja alete hadithi ya kwao, na darasa liamue nani alikosa na sababu gani. Likizo hii muulize babu na bibi. Wao hawatatungojea siku zote.