Kurudi Ukumbini: Hesabu ya Hatari Wakati wa Janga

Katikati ya mwaka 2021, mwenzangu mmoja wa idara jirani, aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka 10, alinijia ofisini akiwa na swali. Kwa miaka mingi alikuwa akienda kunyanyua vyuma katika ukumbi wa mazoezi, au jimu kama vijana waitavyo, mara tatu kwa juma. Daktari wake ndiye aliyemshauri hivyo baada ya kugundulika kuwa ana kisukari. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini, Machi 2020, aliacha. Baada ya mwaka mzima na zaidi wa kukaa, uzito ulikuwa umeongezeka na sukari imepanda. Lakini nyumbani alikuwa akiishi na mama yake mzazi, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "wewe ndiwe mtu wa hesabu. Nirudi, au nisirudi?"

Swali hilo liliulizwa katika miji mingi ya dunia wakati ule, na aghalabu lilijibiwa kwa mkato: kuna hatari, au hakuna hatari. Majibu yote mawili hayamsaidii muulizaji. Hatari si sifa ya jengo, kama ilivyo rangi ya ukuta. Hatari ni kiasi. Huongezeka na kupungua kwa sababu zinazoweza kutajwa na kuhesabiwa moja baada ya nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, lakini kirusi chake hakijatoweka. Na kifua kikuu, surua na mafua huenezwa kwa njia ya hewa vilevile. Kwa hiyo hesabu tutakayoieleza hapa ingali na faida.

Yaliyotokea Cheonan

Tuanze na tukio lililochunguzwa kwa makini. Tarehe 15 Februari 2020, walimu 27 wa dansi ya mazoezi walihudhuria semina katika mji wa Cheonan, nchini Korea ya Kusini. Baadaye 8 kati yao waligundulika kuwa na virusi vya UVIKO-19. Kabla ya kugundulika, waliendelea kufundisha kwa muda wa juma moja hivi, wengine wakiwa na kikohozi kidogo tu ambacho hakuna ambaye angekijali. Kufikia tarehe 9 Machi, wagonjwa 112 walikuwa wamepatikana, wote wakihusiana na madarasa ya dansi katika kumbi 12.

Madarasa hayo yalikuwa ya dakika 50, mara mbili kwa juma. Chumba kilikuwa na eneo la meta za mraba 60 hivi, na wanafunzi walikuwa kati ya 5 na 22. Darasa likijaa, kila mtu hubakiwa na nafasi isiyofika meta 3 za mraba. Kati ya wanafunzi 217 waliofundishwa na walimu wenye maambukizo, 57 waliambukizwa, yaani asilimia 26.

Mambo mawili katika taarifa hiyo yanastahili kutazamwa zaidi. Kwanza, mmoja wa walimu hao hao alifundisha madarasa ya yoga na ya Pilates, yenye wanafunzi 7 au 8, katika jengo lile lile. Hakuna hata mwanafunzi mmoja wa madarasa hayo aliyeugua. Hali kadhalika, madarasa ya dansi yaliyokuwa na wanafunzi chini ya watano hayakutoa mgonjwa. Jengo ni lile lile, kirusi ni kile kile. Kilichobadilika ni idadi ya watu na kasi ya mazoezi. Pili, kati ya wagonjwa 112, watu 38 waliambukizwa majumbani na jamaa zao. Watu hawa hawakucheza dansi wala kukanyaga ukumbini. Aendaye mazoezini hajihatarishi peke yake.

Pumzi huzidishwa mara mbili

Kwa nini kasi ya mazoezi iwe na uzito mkubwa namna hii? Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 7 hivi za hewa kwa dakika. Akifanya mazoezi ya wastani huvuta lita 30 hadi 40, na mwanamichezo hodari akijitahidi sana hupita lita 100.

Hewa itokayo hubeba chembechembe ndogo mno za majimaji ya njia ya pumzi, ambazo huelea hewani kwa muda mrefu mithili ya moshi. Ndizo zibebazo virusi. Wataalamu wa mjini Munich, Ujerumani, walizipima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022. Mtu aliyetulia alitoa kwa wastani chembechembe 580 kwa dakika. Alipofikia ukomo wa nguvu zake alitoa zipatazo 76,000, ongezeko la zaidi ya mara 130. Ongezeko hilo halikuwa la ngazi zilizo sawa: mwanzoni lilikuwa dogo, kisha likapanda ghafula mazoezi yalipokuwa makali.

Hapa ndipo ilipo siri ya ukumbi wa mazoezi. Tuseme mazoezi yanamfanya mgonjwa atoe virusi mara 10 zaidi, na yanamfanya jirani yake avute hewa mara 5 zaidi. Dozi anayoipata jirani haiongezeki mara 15, bali mara 50, kwa kuwa mambo haya mawili huzidishwa, hayajumlishwi. Watu wawili waliokaa kimya wakisoma gazeti katika chumba hicho hicho wako katika hali tofauti kabisa.

Kanuni ya Wells na Riley

Mhandisi Mmarekani William F. Wells alianza kueleza maambukizo ya hewani katika miaka ya 1930. Mwaka 1978 Riley na wenzake waliitumia njia yake kuchunguza mlipuko wa surua katika shule ya msingi ya jimbo la New York, ambako mtoto mmoja aliwaambukiza wenzake 28 waliokuwa katika madarasa 14 mbalimbali. Wengi hawakuketi naye chumba kimoja. Mitambo ya hewa ndiyo iliyowapelekea ugonjwa. Hatari ikiwa ndogo, kanuni yao yaweza kuandikwa kwa maneno hivi:

Hatari hulingana na (idadi ya wagonjwa chumbani × virusi anavyotoa kila mmoja × hewa uivutayo × muda) ÷ hewa safi iingiayo chumbani.

Mwanafunzi atatambua mara moja maana yake. Ukipunguza muda kwa nusu, hatari hupungua kwa nusu. Ukiongeza hewa safi mara tano, hatari hubakia sehemu moja kwa tano. Kanuni haitaji kabisa kufuta vyuma kwa dawa. Usafi ni jambo jema, lakini kufuta vyuma huku madirisha yamefungwa ni sawa na kuziba ufa na kuacha mlango wazi.

Kiyoyozi cha ukutani, kilicho katika kumbi nyingi za miji yetu, kisituhadae. Aghalabu huvuta hewa ya chumbani, huipoza, na kuirudisha mle mle. Hewa baridi si lazima iwe hewa safi.

Hewa iliyotumika yaweza kupimwa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za kabonidayoksaidi katika kila sehemu milioni; hewa itokayo mapafuni ina sehemu 40,000 hivi. Kipimo kikionyesha sehemu 1,220 chumbani, ongezeko ni 800, nayo ni asilimia 2 ya 40,000. Maana yake ni kwamba katika kila pumzi 50 unazovuta, moja imekwisha kupita katika mapafu ya mtu mwingine.

Je, yumo mgonjwa chumbani?

Kanuni hiyo inaanza na idadi ya wagonjwa. Kama hakuna mgonjwa, hatari ni sifuri hata chumba kikifungwa kama sanduku. Lakini hatujui nani ni mgonjwa, kwa hiyo twahitaji somo la uwezekano.

Tuseme mtu mmoja katika kila 100 mjini ana maambukizo. Uwezekano wa mtu mmoja kuwa mzima ni 0.99, uwezekano wa watu 20 wote kuwa wazima ni 0.99 kwa kipeo cha 20, yaani 0.82. Basi uwezekano wa kuwamo angalau mgonjwa mmoja ni asilimia 18. Watu hao wakiwa 3 tu, uwezekano hushuka hadi asilimia 3. Na maambukizo mjini yakipungua hadi mtu mmoja katika 1,000, hata kundi la watu 20 huwa na uwezekano wa asilimia 2 tu. Ukumbi huo huo waweza kuwa salama kiasi mwezi huu, na wa hatari mwezi ujao, pasipo mwenye ukumbi kubadili kitu chochote.

Chicago na Oslo

Matukio mawili ya mwaka 2020 yalionekana kupingana, na kila upande wa mabishano ulishika moja kama ngao.

Mjini Chicago, kati ya tarehe 24 Agosti na 1 Septemba, watu 81 walihudhuria madarasa ya mazoezi makali katika ukumbi mmoja. Wahudhuriaji walipunguzwa wakawa 10 hadi 15 kwa darasa, walipimwa joto la mwili, waliachana kwa karibu meta 2, na kila mmoja aliombwa aje na mkeka na vyuma vyake. Barakoa zilitakiwa mlangoni lakini ziliruhusiwa kuvuliwa wakati wa mazoezi. Watu 55 waliugua. Kati yao, 22 walifika ukumbini siku ile dalili zilipoanza, au baadaye.

Mjini Oslo, Mei na Juni, watu 3,764 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu waruhusiwe kwenda katika kumbi tano, nusu wasubiri. Masharti ya usafi na ya kuachana nafasi yaliwekwa. Miongoni mwa waliopimwa baada ya majuma mawili alipatikana mtu mmoja tu mwenye virusi, naye yaelekea aliambukizwa kazini.

Je, nani mkweli? Wote wawili. Wakati ule maambukizo yalikuwa machache sana mjini Oslo, kwa hiyo kipengele cha kwanza cha kanuni kilikaribia sifuri. Jaribio la Oslo halikuthibitisha kwamba kumbi ni salama siku zote, wala Chicago haikuthibitisha kwamba ni mitego siku zote. Lakini Chicago inatufundisha kwamba kupima joto na kuachana meta mbili hakutoshi iwapo hewa ni moja, pumzi ni nzito, na mwenye kikohozi haoni haya kuingia.

Upande wa pili wa mizani

Mizani ina sahani mbili. Anayebaki nyumbani hajaepuka hatari. Amebadilisha hatari moja kwa nyingine, ile isiyopiga hodi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Mazoezi husaidia kuzuia shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kisukari, na haya ndiyo maradhi yaliyoifanya UVIKO-19 kuwa kali kwa wengi.

Uchunguzi wa wagonjwa 48,440 wa UVIKO-19 huko California, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wale wasiofanya mazoezi kabisa walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kulazwa hospitalini, na vilevile wa kufa, wakilinganishwa na wale waliozoea kutimiza dakika zinazopendekezwa. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi sababu peke yake, kwani asiyefanya mazoezi huenda alikuwa dhaifu tangu awali. Hata hivyo, unatutahadharisha tusiione sahani hii kuwa tupu.

Jibu kwa mwenzangu

Tulikaa na karatasi. Ukumbi wake wa zamani ulikuwa na watu 20 hivi jioni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, naye alikaa humo saa nzima. Tukalinganisha na mazoezi ya nusu saa, barazani penye upepo, pamoja na wenzake 3. Uwezekano wa kukutana na mgonjwa ulishuka mara 6. Muda ulipungua mara 2. Hewa tuliikisia kuwa bora mara 10, na hicho ni kisio la tahadhari kwa mahali pa wazi. Sita kwa mbili kwa kumi ni 120. Faida kwa sukari yake haikupungua mara 120. Pengine haikupungua kabisa.

"Kumbe sikuuliza swali lenyewe," akasema. "Kumbe si nirudi au nisirudi, ni nifanye wapi, na nani, kwa muda gani."

"Na mama je, kaka?" nikamwuliza.

Hapo alinyamaza kidogo. Yeye aliweza kukubali hatari kwa nafsi yake, lakini mama yake hakuulizwa. Tukaongeza masharti mawili: asiende siku yoyote yeye au mmoja wa wenzake atakapokuwa na kikohozi au homa, na chanjo zikipatikana, wote wawili wachanje, kwa kuwa chanjo hupunguza sana ugonjwa mkali hata pale isipozuia maambukizo. Zilipoanza kutolewa Tanzania mwishoni mwa Julai 2021, walikwenda pamoja.

Walinunua vyuma vichache, wakawa wanakutana alfajiri. Sukari yake ilishuka polepole, na mama hakuugua. Sidai kwamba hesabu ndiyo iliyowakinga. Kisa cha familia moja si ushahidi. Hesabu haimwahidi mtu usalama. Humwonyesha tu ni kipi alichonacho mkononi awezacho kukipunguza, na ni nani mwingine atakayelipa endapo atakosea.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Pima urefu, upana na kimo cha darasa lenu, uone kila mwanafunzi ana meta ngapi za ujazo wa hewa.

2. Ikiwa mtu 1 kati ya 200 ana mafua, ni upi uwezekano wa kuwamo angalau mgonjwa mmoja darasani mwenu? Je, darasa likigawanywa mara mbili?

3. Madirisha yenu yakifunguliwa, hewa safi huongezeka mara 4. Mwalimu anataka kurefusha kipindi kutoka dakika 40 hadi 80. Hatari itaongezeka au itapungua, na kwa kiasi gani?