Vidirisha Viwili, Mwendo Mmoja: Kulinganisha Mafaili ya Mwalimu

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hutunza kumbukumbu nyingi: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani na alama za wanafunzi. Zamani zote zilikaa katika madaftari ya mezani. Siku hizi nyingi zimo katika kompyuta ya shule, na nakala yake imo katika flashi anayokwenda nayo mwalimu nyumbani. Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwani nakala mbili zisizolinganishwa huacha kuwa nakala. Huwa ni madaftari mawili yenye habari mbalimbali.

Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha tulipata kumwona mwalimu mwanafunzi mmoja akitaka kuhamishia alama za Darasa la IV kwenye flashi yake. Upande wa kushoto wa kioo ulionyesha folda ya Darasa la IV. Upande wa kulia ulikuwa umebaki kwenye Darasa la V. Kila folda ilikuwa na faili lenye jina moja, Alama za Machi. Kompyuta ikamwuliza kama alitaka faili jipya lichukue mahali pa lile la zamani, naye akajibu ndiyo. Alama za Darasa la V zikapotea, na karatasi za mtihani zilikuwa zimekwisha kurudishwa. Wapo watoto waliozileta tena. Wapo waliokuwa wamekwisha kuzitupa. Mwalimu yule hakuwa mzembe, bali hakuwa amefundishwa kuhakikisha kwamba pande mbili zinatazama mahali pamoja. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo.

Programu ya vidirisha viwili

Programu ya aina hii hugawa kioo katika sehemu mbili zilizo bega kwa bega, kila moja ikionyesha yaliyomo katika folda fulani. Mfano uliojulikana sana ni Norton Commander, iliyoandikwa na John Socha na kutolewa mwaka 1986. Baadaye zilifuata nyingine za mtindo huo huo, kama vile Total Commander, Midnight Commander na Double Commander. Desturi zake zimerithiwa tangu hapo: kitufe cha Tab humhamisha mtumiaji kutoka kidirisha kimoja hadi cha pili, F5 hunakili, na F6 huhamisha. Kidirisha alichomo mtumiaji ndicho chanzo. Cha pili ndicho mwisho wa safari. Kwa hiyo asiyejua yuko upande gani hawezi kujua anachonakili.

Usambamba wa aina tatu

Kwanza, usambamba wa folda. Ukiuwasha, kila unapoingia katika folda upande wa kushoto, programu hutafuta folda yenye jina hilo hilo upande wa kulia na kuifungua. Ukirudi nyuma, upande wa pili nao hurudi. Laiti mwalimu tuliyemtaja angeanza pande zote mbili kwenye folda kuu ya shule na kuuwasha usambamba huu, kuingia Darasa la IV upande mmoja kungefungua Darasa la IV upande wa pili. Lakini kompyuta hufuata jina wala haifuati maana. Kama upande mmoja umeandikwa "Darasa la IV" na wa pili "Darasa la Nne", kwake hizo ni folda mbili zisizohusiana.

Pili, usambamba wa vichupo. Kichupo ni alama iliyo juu ya kidirisha, nayo hufanya kazi kama kipande cha karatasi ngumu kinachotenga sehemu za jalada. Kidirisha kimoja chaweza kuwa na vichupo vingi: cha hisabati, cha Kiswahili, cha sayansi. Kwa kawaida vichupo vya kushoto havijui habari za vile vya kulia. Ukichagua hisabati huku, kule huenda kukabaki sayansi. Zipo programu, kama Directory Opus, zinazoruhusu kichupo cha upande mmoja kifungamanishwe na mwenzake, hata ukikichagua kimoja cha pili kijitokeze. Pasipo uwezo huo, vichupo vipangwe kwa utaratibu ule ule pande zote mbili, na jina la folda lisomwe kila mara kabla ya kunakili.

Tatu, usambamba wa kusogeza orodha. Orodha ikiwa ndefu kuliko kioo, huna budi kuisogeza juu au chini. Yafaa pande zote zisogee pamoja. Hata hivyo kuna mtego. Kusogeza kwa kuhesabu mistari hulinganisha mstari wa 20 wa kushoto na wa 20 wa kulia. Likiongezeka faili moja tu upande mmoja, mistari yote iliyo chini yake hupishana, na macho hulinganisha visivyolingana. Ndiyo sababu programu za kulinganisha huacha nafasi tupu mahali pa faili lisilokuwepo, ili kila jina likabiliane na mwenzake.

Masharti ya ulinganishaji mwema

Pande zote ziwe na mpango mmoja. Upande mmoja ukipangwa kwa majina na wa pili kwa tarehe, kusogea pamoja hakuna faida. Aidha, majina yenye tarakimu yaandikwe kwa uangalifu, kwani katika mpango wa herufi kwa herufi "Somo 10" hutangulia "Somo 2". Ukiandika 01, 02 hadi 10, mpango utakuwa mmoja katika kompyuta yoyote.

Tarehe isiaminiwe peke yake. Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ikifa, saa ya kompyuta hupotea, na faili lililoandikwa leo laweza kubeba tarehe ya miaka iliyopita. Programu itakuonyesha kwamba hilo ndilo la zamani, kumbe ndilo jipya. Tena, flashi nyingi hutunza saa ya faili kwa hatua za sekunde 2, kwa hiyo tofauti ndogo namna hiyo haimaanishi kwamba faili limebadilishwa. Penye shaka, lifungue faili na kulisoma.

Namna ya kufundisha

Somo hili laweza kuanza pasipo kompyuta. Mwalimu apange mezani safu mbili za kadi kumi kumi zenye majina yale yale, kisha aondoe kadi moja katikati ya safu ya pili na kuzisogeza zilizobaki zizibe pengo. Wanafunzi waulizwe ni jozi ngapi bado zinalingana. Wataona wenyewe kwamba kadi moja imeharibu mpango wa zote zinazofuata. Hapo warudishe pengo, na jozi zitalingana tena. Ni jambo lile lile tunalowafundisha watoto wa Darasa la I wanapolinganisha vitu vya seti mbili kimoja kwa kimoja kabla ya kuhesabu.

Ndipo waende kwenye kompyuta wakiwa na folda za majaribio, si kumbukumbu halisi za shule. Kila mmoja, kabla ya kubonyeza F5, aseme kwa sauti mambo matatu: niko upande gani, folda ya upande huu ni ipi, na ya upande wa pili ni ipi.

Hitimisho

Usambamba hupunguza makosa ya mkono na ya jicho, lakini hauchukui nafasi ya fikira. Kompyuta ikiuliza kama faili lifutwe na jingine lichukue mahali pake, hilo ni swali la kweli, na anayelijibu ameshika mikononi mwake kazi ya darasa zima.

Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya kusogeza kwa mistari na kulinganisha kwa majina.
2. Tunga utaratibu wa majina ya folda utakaofuatwa na walimu wote wa shule moja.
3. Faili la flashi lina tarehe ya zamani kuliko la kompyuta. Taja hatua utakazochukua kabla ya kunakili.