Mliachana, au uliachwa?

Mwambie rafiki yako wa Ndhiwa, "Tuliachana na Akinyi pale Rodi Kopany." Hatashtuka. Atajua mlifika njiapanda, Akinyi akashika barabara ya Homa Bay, nawe ukaja zako nyumbani. Sasa ondoa jina la njiapanda, useme tu, "Tuliachana na Akinyi." Kabla jua lizame, stendi nzima ya bodaboda itakuwa inajua uko singo!

Neno ni lile lile, kuachana. Mzizi wake ni acha. Hiyo -ana ya mwisho husema kwamba tendo limefanywa na pande zote mbili, kama kupendana au kupigana. Na hapo ndipo wengi wetu hujificha. Kipusa amekublock wiki ya tatu sasa, nawe unawaambia maboi, "Tumeachana." Bro, hamkuachana. Umeachwa. Naye jombi aliyehepa msichana akiwa mjamzito husema, "Tuliachana," utadhani waliketi wakakubaliana. Hiyo -ana imemfutia deni lote.

Kutengana ni kitu kingine. Waliotengana wanaishi mbalimbali, lakini ndoa bado ipo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatofautisha mambo haya: mahakama inaweza kuruhusu wanandoa watengane, ila kinachovunja ndoa ni talaka. Kwa hivyo mama akirudi kwao kwa muda, usikimbilie kutangaza kwamba wazazi wameachana. Huenda wazee bado wanazungumza, na neno lako likawatangulia kufika.

Wajaluo nao wana maneno mawili. Weruok, kutoka weyo, ni kuachana. Pogruok, kutoka pogo, yaani kugawa, ni kutengana. Na kijana anayetoka kwenye simba yake kwenda kuanzisha dala amehama tu kwa babake. Hawajaachana wala kutengana. Mila hata inataka mzee awepo siku hiyo.

Kwa hivyo kabla hujasema "tuliachana", jiulize: nani aliacha? Kama ni wewe, sema "nilimwacha". Kama ni yeye, sema "aliniacha". Inauma, najua, lakini anayekusikiliza atajua akupe pole au akuulize maswali. Na kama mna mtoto, kumbuka: nyinyi wawili mnaweza kuachana, mtoto haachwi.